Onja Maji Kabla ya Kudeki

Nani aliwadanganya kwamba fundi akishapaka rangi nyumba imekwisha? Fundi akifunga virago, hapo ndipo nyumba inapoanza kuonyesha ubaya wake. Kuta zinang'aa, sawa, lakini sakafu imejaa matone ya rangi, vioo vina chokaa, misumari imelala kila kona ikingoja unyayo wa mtu, na vumbi la saruji limeingia mpaka ndani ya tundu la ufunguo. Hapo ndipo tulipokuwa tukiitwa sisi.

Nyie mabinti mnaojiita kampuni ya usafi, na fulana zenu za kufanana na dawa zenu za chupa zinazonukia machungwa, mmekuja hapa Likombe mara mbili kuniomba niwaandikie habari za kazi yangu. Mjukuu wangu Editha, kiongozi wenu, amenunua daftari kabisa. "Bibi, andika siri za kazi," ananiambia. Siri! Haya, nitaandika. Lakini kama mnategemea habari za bibi mwema aliyechapa kazi akatuzwa, tafuteni bibi mwingine. Mimi kazi niliyotuzwa haikuwa yangu, na leo nitasema ilikuwa ya nani.

Naitwa Filomena. Nilitoka kwetu Ziwani nikiwa na miaka kumi na tisa, mikono migumu ya jembe, kichwa kigumu zaidi. Wakati ule wazungu walikuwa wameondoka Mtwara wakaacha nyumba zao kule Shangani, na wakubwa wetu wapya walikuwa wakija kutoka bara na wake zao na makabati yao. Basi nyumba zile zikawa zinabomolewa ndani na kutengenezwa upya. Ukuta huu utoke, dirisha lile lipanuke, jiko liletwe ndani. Mkandarasi mmoja alishika kazi nyingi za namna hiyo, na mimi nikapata kibarua kwake cha kusafisha baada ya mafundi.

Siku yangu ya kwanza nilifanya kosa ambalo mpaka leo fundi bomba yule, kama yu hai, ananilaani. Nilizoa vumbi la saruji na vipande vya lipu, nikaona choo kiko karibu, nikamwaga humo nikavuta mnyororo. Nikajiona mjanja. Kesho yake choo kilikuwa jiwe tupu. Fundi bomba alichungulia, akanitazama, akachungulia tena, akasema, "Wewe dada umejenga. Ulipaswa kuwa fundi mwashi." Walivunja choo kipya kabisa. Kwa hiyo andikeni hapo juu, kwa herufi kubwa: saruji haimwagwi penye maji. Inazolewa kavu, inatolewa nje, basi.

Aliyeniokoa nisifukuzwe siku ile ni Bi Somoe.

Bi Somoe ndiye aliyekuwa mkubwa wetu sisi wanawake wa usafi. Mwembamba, mrefu, kanga imefungwa kifuani hata kama kuna joto la kufa mtu. Wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji yeye akiwa mgongoni, wakalima Kitaya, na baba alipokufa mama yake akabaki huko huko. Kiswahili chake kilikuwa na Kimakua ndani yake. Alikuwa hasemi "bado", anasema "pado". Ukimaliza kusugua dirisha, umejiridhisha, umenyoosha mgongo, yeye anakuja, anapitisha kidole pembeni mwa kioo, anakitazama kidole, anasema, "Pado, Filo." Mwanzoni nilikuwa nacheka. Baadaye nilikoma kucheka, maana "pado" moja ilikuwa saa nzima ya kuanza upya.

Alinifundisha kila kitu. Kwamba nyumba husafishwa kutoka juu kwenda chini, dari kwanza, sakafu mwisho, na anayeanza na sakafu ataifanya mara mbili. Kwamba vumbi jipya halifagiliwi kavu kwa fagio la chelewa, maana unalihamisha tu kutoka sakafuni kwenda puani. Unachukua unga wa mbao ulioachwa na seremala, unaulowesha kidogo, unaumwaga, ndipo unafagia. Tone la rangi kwenye kioo unalipaka mafuta ya taa, unalingoja, unalikwangua kwa wembe uliolala, si uliosimama. Chokaa kwenye kioo ni ndimu. Na mikono yako unaipaka mafuta ya nazi kabla ya kuanza, si baada, kwa sababu chokaa ikishakula ngozi hairudishi. Nyie na glavu zenu hamjui.

Na alinifundisha kunusa. Ukiingia kwenye nyumba iliyotoka kutengenezwa, funga mdomo, simama katikati, nusa. Mafundi wengi hawazoi taka, wanazizika. Nyumba moja tulisafisha siku tatu, bado inanuka. Bi Somoe alizunguka na pua yake hadi bafuni, akagonga ubavu wa beseni kubwa la kuogea lililojengewa matofali, akasema, "Humu." Matofali yalipovunjwa tulikuta vichwa vya samaki, ugali, maganda ya embe na ndala moja ya kushoto. Fundi aliyelijengea alikuwa amesimama pale, mguu wa kushoto mtupu, anasema eti hajui nani amefanya. Tulicheka mpaka Bi Somoe akalazimika kukaa chini. Kucheka kwake kulikuwa kwa nadra, na nakukumbuka kuliko maneno ya padri aliyenifungisha ndoa.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa maji.

Nyumba zile za Shangani zilikuwa na sakafu nyekundu ya saruji, ile inayong'aa hadi unaona meno yako. Bomba likifungwa, na wakati wa matengenezo hufungwa kila mara, unachota nje. Pale karibu na bahari visima vingi vina maji ya chumvi. Si chumvi ya kukufanya uteme palepale. Ni chumvi ya mbali, ya kujificha, na kisima kinachotoa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, mwezi huu, mwezi ujao kinaweza kugeuka. Ukideki sakafu nyekundu kwa maji yale, siku hiyo inapendeza sana. Mabinti, nisikilizeni vizuri: chumvi haionekani maji yakiwepo, inaonekana maji yakishaondoka. Siku ya pili, ya tatu, sakafu inatoa unga mweupe. Na kama umeshapaka nta juu yake, umeifungia ndani, inachimbuka chini ya nta kama upele. Madirisha ya chuma nayo yanatoa kutu, inashuka ukutani kwenye rangi mpya.

Kwa hiyo Bi Somoe alikuwa na sheria. Kila debe la maji, kabla halijagusa sakafu, lilionjwa. Anachovya kidole, anaweka ulimini, anangoja kidogo, anatikisa kichwa ndiyo au hapana. Watu walimcheka. Mafundi walimwita mpishi wa sakafu. Hakujali. "Ulimi haudanganywi na macho," alikuwa akisema.

Sasa Bi Somoe alikuwa Mwislamu, na si wa Ijumaa tu. Ramadhani ikiingia, hakuna kitu kinachopita midomo yake mchana. Wenzake walimwambia kuonja na kutema hakufunguzi saumu, wapishi wanafanya. Akasema, "Wao na ndimi zao. Wangu umefunga pamoja na mimi." Basi Ramadhani aliniteua mimi, kwa kuwa mimi ni Mkristo. Kwa mwezi mzima mimi ndiye niliyekuwa ulimi wake. Nikileta debe ananiuliza, "Filo, umeonja?" Namjibu, "Nimeonja, Bi Somoe. Baridi." Hapo ndipo anachovya tambara.

Mwaka ninaousema, Ramadhani na Krismasi ziliangukia mwezi mmoja. Tulikuwa kwenye nyumba kubwa kuliko zote, ya ghorofa, imetengenezwa kwa ajili ya mkubwa mmoja aliyekuwa akihamia kutoka bara. Uani kulikuwa na chumba kizuri cha mtumishi, kina dirisha, kina bati jipya, kina jiko lake dogo la nje. Mke wa mkubwa alikuwa amemwambia nyapara wetu, Bwana Matayo, anataka mwanamke mmoja abaki hapo moja kwa moja kutunza nyumba, na chumba kile kitakuwa chake. Kibarua wa siku kwa siku kupata kazi ya kudumu na chumba, wakati ule, hicho hakikuwa kitu kidogo. Na Bwana Matayo alikuwa amesema wazi mbele yetu sote, "Nyumba hii ikipokelewa bila kasoro, chumba ni cha Bi Somoe."

Nyie mtaona ni chumba tu. Ngojeni niwaambie alikitakia nini. Ng'ambo ya Ruvuma kulikuwa na vita, Wareno na wapigania uhuru, na Kitaya iko ukingoni kabisa mwa mto. Mama yake Bi Somoe alikuwa huko peke yake, macho yameanza kuziba, analima kishamba chake cha mpunga. Watu wa huko walikuwa wanakuta mabomu yametegwa njiani. Bi Somoe mwenyewe alikuwa anaishi kwa watu, analala sebuleni na watoto wa mwenye nyumba. Hakuwa na mahali pa kumweka mama yake. Tulipokuwa tunasafisha kile chumba cha uani alikipima kwa hatua. "Kitanda cha mama hapa," akasema. "Mimi mkeka wangu hapa. Mlango ufunguke huku, asijikwae." Alikisugua kile chumba kuliko sebule ya mkubwa.

Siku ile ilikuwa mkesha wa Krismasi. Ilibaki sakafu ya sebule, ya veranda, na madirisha. Bomba la nyumba lilikuwa limefungwa. Bomba la mtaa lilikuwa mbali, na siku ya mkesha foleni yake ilikuwa ndefu kama ya msiba. Nilipaswa kuleta madebe manane. Na mimi, msicheke, nilikuwa na gauni kwa fundi cherehani sokoni. La maua ya manjano, gauni langu la kwanza la kushonewa. Fundi aliniambia saa kumi anafunga, haji tena mpaka sikukuu ipite.

Hapo nyuma ya nyumba, hatua hamsini hivi, kulikuwa na kisima.

Nilisimama kwenye foleni ya bomba kidogo. Nikahesabu vichwa. Nikajiambia kisima kile kilikuwa baridi mwezi uliopita, kitaharibika lini? Nikachota hapo madebe yote manane. Sikuonja hata moja. Si kwamba nilisahau, msiniwekee maneno. Nilikusudia kutoonja, kwa sababu nikionja nikakuta chumvi ningelazimika kumwaga.

Bi Somoe alikuwa amepiga magoti sebuleni, midomo imekauka, anakwangua tone la mwisho la rangi. Akainua kichwa. "Filo, umeonja?"

"Nimeonja. Baridi."

"Yote?"

"Yote, Bi Somoe."

Akachovya tambara.

Tulideki, tukasugua madirisha, jua la Desemba likakausha kila kitu kabla ya alasiri. Ikabaki nta. Ile kazi ni ya watu wawili: mmoja anapaka, mwingine anakanyaga kumbi la nazi kwa mguu mmoja na kusugua, mikono kiunoni, kama anacheza ngoma ya mguu mmoja. Bi Somoe akanitazama nikitazama jua. Akasema, "Una nini?" Nikamweleza habari za gauni. Akatabasamu. "Nenda mwanangu, kachukue gauni lako. Nta nitaipaka mwenyewe."

Nilikwenda mbio. Alipaka na kusugua sebule ile na veranda ile peke yake, na kiu ya saumu, katika joto lile. Msiniulize kama nilirudi kumsaidia. Krismasi nilikwenda kanisani nikiwa nimevaa maua ya manjano na kila mtu alinisifu.

Siku ya tatu tuliitwa nyumba ikabidhiwe. Bwana Matayo alikuwepo, mke wa mkubwa alikuwepo, mwanamke mnene mpole mwenye miwani, na mizigo yake imeshafika getini. Mlango ukafunguliwa.

Mama Maria! Sakafu ilikuwa na ukurutu. Mabaka meupe toka mlangoni mpaka kwenye ngazi, nta imeinuka, ukipitisha mguu inabanduka. Kila dirisha limeshusha mchirizi wa kutu kwenye ukuta mweupe. Yule mama hakupiga kelele. Alisema tu, "Kwani hii ndiyo nyumba mliyosema imekwisha?" Bwana Matayo akawa mwekundu wa macho.

"Maji mlichota wapi?" akauliza.

Bi Somoe alikuwa bado anaitazama sakafu. "Bomba la mtaa," akasema. Kisha akanigeukia taratibu. "Filo?"

Jamani, palikuwa na neno moja tu la kusema. Nililijua. Lilikuwa limekaa mdomoni. Nikawaza nitafukuzwa, nitarudi Ziwani kushika jembe, watu wa nyumbani watasema tulijua. Nikasema, "Mimi nachota ninakoambiwa."

"Nani alikwambia?" akauliza nyapara.

Nilimtazama Bi Somoe tu. Wala sikumtaja, mnaona? Nilimtazama tu, na macho yangu yakatosha.

Bi Somoe akasema, "Bwana Matayo, mimi nimefunga. Mwonjaji alikuwa yeye."

Nyapara akaangua kicheko kibaya. Alikuwa mtu wa bara, mambo ya pwani hakuyajua. "Mwonjaji? Maji ya kudeki yanaonjwa? Sakafu inakula? Mama, usinitie wazimu. Mkubwa wa kazi ni wewe."

Debe moja lilikuwa limebaki chini ya ngazi, na maji kidogo. Bi Somoe alikwenda pale, akainama, akachovya kidole. Saa nne za asubuhi, Ramadhani, mwanamke ambaye alikuwa hamezi hata mate yake. Akakiweka ulimini. Akangoja kama kawaida yake. Kisha akatema pembeni, akajifuta kwa ncha ya kanga.

"Chumvi," akasema. Akaniangalia. "Umenifunguza mchana, Filo."

Akamwambia Bwana Matayo, "Kazi ni yangu, na kosa ni langu." Akachukua kumbi lake la nazi na wembe wake, akatoka kwa mlango wa nyuma. Alipita kile chumba cha uani bila kugeuza shingo.

Mnadhani hapo ndipo pabaya? Pado. Bwana Matayo alishika kichwa, mizigo iko getini, akatuuliza nani anajua kurekebisha balaa lile. Mimi nilijua. Bi Somoe alikuwa amenifundisha: unakwangua nta yote, unasuuza kwa maji baridi, unaacha ikauke kabisa, unapiga brashi kavu, unazoa unga, unasuuza tena, mara nne, mara tano, hadi unga ukome, ndipo nta. Kutu unaisugua kwa msasa laini na ndimu. Siku nne nilifanya kazi hiyo. Nilichota bomba la mtaa, nikapanga foleni, nikaonja kila debe. Ah, safari hii niliyaonja kweli! Sakafu ikarudi. Yule mama mwenye miwani akapita akatazama, akafurahi, akamwambia Bwana Matayo, "Huyu binti ana mikono." Nikapewa kazi. Nikapewa chumba.

Niliweka kitanda mahali alipopima Bi Somoe, maana kweli ndipo pazuri.

Nawasikia mnanong'ona: Bibi alikuwa mdogo, alikuwa na woga. Nyamazeni. Miaka kumi na tisa ni mtu mzima. Na yule nyapara aliyecheka maarifa ya mwanamke kwa kuwa hayakuandikwa kwenye karatasi, naye simsamehe. Wapo wa aina yake mpaka leo, mtakutana nao, watawaambia kusafisha ni kazi ya asiye na akili. Lakini yeye hakujua. Mimi nilijua.

Bi Somoe alirudi Kitaya. Nilisikia kwa watu. Kila nilipokutana na mtu wa huko sokoni, anauza samaki wa mto au mchele, nilikuwa nataka kuuliza na ninaogopa. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa ndefu, miaka saba. Wareno waliposhindwa na vita vikaisha, nikaomba ruhusa ya siku mbili, nikanunua kanga doti moja na kilo za sukari, nikapanda lori.

Nyumba yake nilionyeshwa. Nilimkuta kibarazani anapepeta mchele. Nywele zilikuwa zimeanza mvi. Kanga kifuani, vilevile. Alinitambua kabla sijasema hodi.

"Filo."

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa. Akaingia ndani akatoka na kikombe cha maji, akanipa kwa mikono miwili, kama mgeni anavyopewa. "Onja," akasema. Nikaonja. "Maji gani?"

"Baridi, Bi Somoe."

Akatikisa kichwa ndiyo. Nikaweka kanga na sukari chini, nikaanza maneno yangu niliyoyapanga njia nzima, kwamba nilikuwa mtoto, kwamba foleni, kwamba nyapara. Alinyoosha mkono nikanyamaza.

"Si mimi," akasema. "Kamwambie mama."

Nikafurahi, mjinga mimi! Nikatazama mlangoni. "Mama yupo?"

"Yupo. Nyuma."

Nikazunguka nyumba na kikombe mkononi. Nyuma hapakuwa na mtu. Palikuwa na kaburi, limezungushiwa mawe ya mtoni, limefagiliwa, halina hata jani. Bi Somoe alikuwa amenifuata. Akaniambia bila kupandisha sauti kwamba mwaka wa pili baada ya yeye kurudi, mama alitangulia asubuhi kwenda shamba la mpunga, na kwa macho yale hakuona udongo uliochimbuliwa njiani. "Mimi nilikuwa natwanga," akasema. "Nilisikia mlio tu."

Nilipiga magoti. Maneno yote niliyoyapanga hayakuwepo, likabaki lile moja ambalo nilipaswa kulisema Shangani mbele ya Bwana Matayo. "Mama," nikasema, "sikuonja."

Nikangoja. Nilitaka Bi Somoe aniguse bega. Nilitaka anitukane hata. Alisimama nyuma yangu kitambo, kama alivyokuwa akisimama nyuma yangu dirishani, kisha akachukua kikombe mkononi mwangu.

"Pado, Filo," akasema, akarudi kwenye mchele wake.

Kesho yake nilipanda lori nikarudi Mtwara. Ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye ncha ya kanga yangu. Nikafungua kile chumba, nikalala humo miaka kumi na minne mingine.